Barua ya wazi kwa wanaogawa fedha za viwanja: siku za hisani ziandikwe kwenye mkataba kabla ruzuku haijatoka

Kwa mawaziri wenye dhamana ya michezo, bodi zinazogawa ruzuku za viwanja, na viongozi wa vyama vya michezo vinavyomiliki au kuendesha viwanja hivyo.

Waheshimiwa,

Sisi tunaowaandikia ni watu wa kazi za uwanjani: watunza nyasi, wasimamizi wa usalama wa mashabiki na waandaaji wa mechi za hisani. Ombi letu ni moja. Kila uwanja unaopokea fedha za umma ulazimishwe na mkataba wa ruzuku kutenga siku maalumu kila mwaka kwa ajili ya mechi za hisani za mchezo wowote unaotoshea kwenye eneo lake la kuchezea, hata kama mchezo huo ni mpinzani wa chama kinachoumiliki. Wajibu huo uandikwe kabla ya fedha kutoka, pamoja na masharti ya nyasi, usalama na hesabu yanayopimika. Usipoandikwa, swali huzuka katika saa mbaya kuliko zote: familia iko kwenye msiba, tiketi za uwanja mdogo zimekwisha, na viongozi wa uwanja mkubwa wanajitetea kwa katiba iliyotungwa kwa sababu nyingine kabisa.

Mnakumbuka yaliyotokea Cork, nchini Ireland, mwaka 2018. Liam Miller, kiungo aliyezichezea Celtic, Manchester United na timu ya taifa ya Jamhuri ya Ireland, alifariki Februari mwaka huo kwa saratani ya kongosho akiwa na miaka 36. Mechi ya kumuenzi na kuisaidia familia yake ilipangiwa Turner's Cross, uwanja wa soka unaochukua watu wapatao 7,000, na tiketi zikaisha upesi. Katika jiji hilohilo ulikuwepo Páirc Uí Chaoimh, uliojengwa upya na kufunguliwa 2017, wenye nafasi 45,000, uliopewa na serikali euro milioni 30. Mwenye uwanja ni GAA, chama kinachosimamia michezo ya jadi ya Ireland, mpira wa Gaelic na hurling. Kanuni zake zilivifunga viwanja vyake kwa michezo mingine, na jibu la kwanza la viongozi lilikuwa kwamba hawana mamlaka ya kuruhusu. Yakafuata malumbano makali, wananchi wakiuliza fedha yao ilinunua nini. Tarehe 28 Julai Baraza Kuu la chama likaruhusu, na tarehe 25 Septemba mechi ikachezwa mbele ya watu zaidi ya 40,000.

Kati ya ruhusa na mechi zilipita siku 59, muda unaotosha kabisa kuandaa mechi ya ukubwa huo. Uwanja haukushindwa kwa ujenzi wake wala kwa kalenda, maana fainali kuu za taifa za hurling na mpira wa Gaelic zilishachezwa Agosti 19 na Septemba 2. Kilichokosekana ni karatasi inayosema nani anaamua, kwa vigezo gani na kwa siku ngapi. Karatasi hiyo ilipaswa kuwepo siku euro ya kwanza ilipotoka hazina.

GAA yenyewe ilishapita njia hii. Aprili 16, 2005, mkutano wake mkuu ulipiga kura 227 kwa 97 kulegeza kanuni hiyo kwa ajili ya Croke Park, uwanja wake mkuu ulioko Dublin, kwa kuwa uwanja wa Lansdowne Road, uliotumiwa na timu za taifa za raga na soka, ulikuwa karibu kubomolewa na kujengwa upya. Februari 11, 2007, Ireland ikacheza raga na Ufaransa pale. Machi 24 ikacheza soka na Wales. Uwanja haukupoteza heshima wala wachezaji wa mchezo wake. Lakini tazameni utaratibu uliohitajika: theluthi mbili ya wajumbe, kwenye mkutano unaokaa mara moja kwa mwaka. Njia hiyo inafaa kwa timu ya taifa inayojua miaka miwili mapema kwamba itahama. Haiwafai watu wanaochangia matibabu, yatima au waliokumbwa na mafuriko, ambao wana wiki chache tu.

Hoja za wanaokataa tunazijua, na hatuzichukulii kijuujuu. Chama kinachomiliki uwanja mara nyingi kimetoa sehemu kubwa ya gharama kwa michango ya wanachama wa kawaida, wengine wakiwa wachezaji wasiolipwa hata senti. Kinagombania watoto walewale na wadhamini walewale na mchezo jirani, ambao pengine nao umepewa ruzuku ya kujenga uwanja wake. Kinahofia pia kwamba leo ni hisani, kesho ni ligi. Hofu hizo ni halali, na dawa yake ni mipaka iliyoandikwa. Siku ziwe mbili kwa mwaka, zisizidi, nje ya msimu wa mwenye uwanja. Wajibu uwe wa pande zote: uwanja wa soka uliopata ruzuku uwapokee raga, na wa raga uwapokee soka. Na neno hisani lipewe maana finyu: mfaidika awe amesajiliwa kisheria au awe na mfuko unaosimamiwa na bodi ya wadhamini wasio waandaaji, wachezaji wasilipwe zaidi ya nauli na malazi, na matokeo yasihesabiwe kwenye mashindano yoyote. Maana hiyo finyu ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu klabu za kulipwa hupenda kuita ziara zao za kabla ya msimu mechi za hisani huku zikitoa sehemu ndogo tu ya mapato. Hizo zilipe kodi ya uwanja kama mteja mwingine yeyote.

Hatudai kwamba mwenye nyumba hana haki. Anabaki na kipaumbele cha kalenda siku 363. Tunachosema ni kwamba fedha ya umma lazima inunue kitu kinachoshikika, na siku mbili ni bei ndogo.

Sasa nyasi, kwa sababu ndiyo pingamizi linalotajwa haraka zaidi, nalo mara nyingi hutajwa na watu wasiokuwa na kipimo mkononi. Uwanja wa nyasi asilia uliojengwa vizuri juu ya tabaka la mchanga hustahimili takribani saa 4 hadi 6 za mchezo wa watu wazima kwa wiki, ukiwa kwenye majira ya kukua. Mechi ya hisani ya soka, pamoja na kupasha misuli, hula saa mbili hadi mbili na nusu. Kwa hiyo ikiwekwa kwenye wiki isiyo na mechi nyingine, nyasi hazijadhulumiwa. Ikibanwa kati ya mechi ya Jumamosi na ya Jumatano, zimedhulumiwa, na haitajalisha kama mchezo ni rafiki au mpinzani.

Mfano mbaya upo na ni haki kuutaja. Wembley, uliojengwa kwa msaada wa pauni milioni 120 za bahati nasibu ya taifa kupitia Sport England, ulipokea mechi ya mpira wa Marekani Oktoba 28, 2007, katika mvua. Siku 24 baadaye Uingereza ilicheza na Croatia juu ya eneo lililokuwa bado limechanika, ikafungwa 3 kwa 2 na kukosa fainali za Ulaya za 2008. Hatusemi nyasi ndizo zilizofunga mabao. Tunasema kwamba siku 24 za mwisho wa vuli, katika uwanja wenye kuta ndefu zinazozuia jua na upepo, hazitoshi nyasi za baridi kujirudishia mizizi. Mchezo uleule mwezi Mei ungeacha makovu ya wiki mbili tu. Anayeamua lazima atazame jua, joto la udongo na utabiri wa mvua kabla hajatazama jina la mchezo.

Halafu kuna jambo ambalo walio nje ya kazi hii hawalioni: mara nyingi sherehe huumiza nyasi kuliko mechi. Mechi ya hisani huja na jukwaa la muziki, viti vya wageni, magari ya maonyesho, gwaride la watoto na mikwaju ya penalti wakati wa mapumziko. Tairi za gari la jukwaa hugandamiza mchanga mpaka maji yakose pa kupita. Mabamba ya kufunikia nyasi yakiachwa zaidi ya siku mbili kwenye joto, jani hugeuka njano na ukungu huingia. Viti vya miguu myembamba hutoboa. Ndiyo maana tunaomba mkataba uamuru jukwaa likae nje ya mistari, kwenye njia ya kukimbilia au mbele ya majukwaa ya mashabiki, na pasiwe na gari lolote juu ya nyasi isipokuwa la wagonjwa. Penalti za mapumziko zipigwe kwenye goli la kubebeka lililosimamishwa pembeni, kwa sababu mita chache za mbele ya goli ndizo zinazochakaa kuliko sehemu nyingine yote. Kwa sababu hiyohiyo makipa wapashe misuli kwenye magoli ya kubebeka yaliyosogezwa kando, na wasizidi dakika 25.

Raga ina tatizo lake, nalo ni skramu. Washambuliaji wanane kila upande, kila kundi likiwa na uzito wa karibu kilo 900, wakisukumana kwa njumu ndefu, huweza kukunja nyasi kama zulia pale mizizi ilipo mifupi. Nyasi mseto, ambazo nyuzi za plastiki zimedungwa ardhini kiasi cha sentimita 20 ili mizizi ijisokote nazo, hupunguza sana madhara hayo. Kama uwanja hauna nyasi mseto na udongo umelowa, waandaaji wakubali skramu zisizo na kusukumana. Kwa mechi ya hisani yenye wachezaji waliostaafu hilo lilitakiwa kuwa sharti la kiafya hata pasipo nyasi, kwa ajili ya shingo zao.

Kipimo kipo. Nyundo ya Clegg ya kilo 2.25 hudondoshwa kutoka sentimita 45 na kusoma ugumu wa ardhi; ligi ya mpira wa Marekani hairuhusu kuchezea penye usomaji wa 100 au zaidi. Sisi hupenda kukuta kati ya 60 na 90. Chini ya hapo nyasi hung'oka, juu ya hapo magoti na vichwa huumia. Pimeni vituo visivyopungua 12, vikiwemo mbele ya magoli yote mawili, kati, na kwenye kivuli cha kudumu, ambako huwa pabaya daima. Pamoja na hilo pimeni unyevu: kwenye mchanga, asilimia 15 hadi 25 ni salama, ikizidi 30 asubuhi ya mechi na mvua bado inanyesha, ahirisheni. Vipimo vichukuliwe siku 14 kabla, siku 3 kabla, na asubuhi ya mechi, kisha vibandikwe hadharani. Ugomvi mwingi wa "uwanja umeharibiwa" hutokana na kukosekana kwa picha na namba za kabla.

Matengenezo baada ya mechi hayahitaji miujiza. Usiku uleule watu 10 hadi 12 wenye uma za bustani za mkononi watembee kwa mstari wakirudisha mabonge yaliyong'oka na kuinua udongo uliozama. Wasibonyeze kwa miguu pekee, maana hilo huficha shimo bila kuliponya. Asubuhi ipite mashine ya kukata inayofyonza, kuondoa majani yaliyokufa. Mchanga unaolingana na ule wa chini umwagwe kwenye makovu (mchanga wa aina nyingine huzuia maji kushuka), na penye upara ziwekwe mbegu za nyasi za rai, gramu 30 hadi 35 kwa mita ya mraba. Udongo ukiwa na joto la kutosha, mbegu hizo huanza kuchipua ndani ya wiki moja hadi mbili. Kwenye nchi za joto zinakotumika nyasi za bermuda, mbegu hazina haja: vipandikizi au vipande vya nyasi kutoka kitalu cha uwanja hufanya kazi. Kila uwanja wenye ruzuku uwe na kitalu cha namna hiyo, walau mita za mraba 200, ukubwa unaotosha kubadilisha mbele ya magoli yote mawili. Vipande vya kubadilishia viwe vinene, milimita 35 hadi 40, ndipo vitulie kwa uzito wake na kuchezeka ndani ya siku chache.

Si kila mchezo unatoshea, na sheria ya kulazimisha yote ingekuwa ya kipuuzi. Eneo la Croke Park ni karibu mita 145 kwa 88. Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 unakaa humo ukiacha mita 20 kila mwisho na mita 10 kila ubavu. Shida pekee ni vichwa vya kunyunyizia maji, ambavyo kwenye eneo kubwa huweza kuangukia ndani ya mistari mipya. Vifungwe kwa vifuniko vya mpira vilivyo sawa na uso wa nyasi na vikaguliwe kwa mkono, kimoja kimoja. Kinyume chake hakiwezekani kirahisi. Raga, hata ikibanwa hadi kiwango cha chini cha sheria, inataka mita 94 kati ya mistari ya magoli na mita 6 nyuma ya kila mstari, jumla 106, kisha mita 5 za usalama kila mwisho ndipo pakutane na ubao wa matangazo au zege. Uwanja wa soka usio na mita 116 za wazi usidanganywe kwa kusogeza mabango dakika ya mwisho. Kriketi kamili inataka mpaka usiopungua mita 59.43 kutoka katikati ya kipande cha kurushia mpira. Kwenye upana wa mita 68 kuna 34 tu kila upande, kwa hiyo haiingii, na asilaumiwe mtu. Melbourne Cricket Ground huchanganya kriketi na mpira wa Australia kwa kipande cha kurushia kinachooteshwa kwingine na kuletwa kizima, na kwenye uwanja wa klabu ya Tottenham, London, eneo la nyasi hugawanyika vipande vitatu likateleza chini ya jukwaa la kusini, likifunua nyasi bandia za mpira wa Marekani. Anayejenga leo kwa fedha za umma anaweza kuamua hayo kwenye michoro. Baada ya zege kumwagwa, gharama yake haishikiki.

Magoli na milingoti vinastahili aya yao kwa sababu vimeua. Goli la soka lina upana wa mita 7.32 na urefu wa 2.44, milingoti ya raga imeachana mita 5.6 na mwamba wake uko mita 3 juu. Ya Gaelic imeachana mita 6.5. Kila jozi ina mashimo yake ya bomba ardhini. Unapong'oa jozi moja, shimo lifunikwe kwa kifuniko kilichosawazishwa na kupandwa nyasi juu, kisichocheza mtu akikikanyaga. Goli lisilo na shimo lake lisisimamishwe bila uzito au nanga nyuma, hata kwa dakika tano za picha, maana goli linaloanguka mbele humponda aliyening'inia, na mara nyingi huwa mtoto. Mistari ya zamani iachwe kupakwa wiki mbili kabla, ikatwe mara tatu kwa wiki, itafifia yenyewe. Rangi iwe ya maji. Chokaa isitumike, kwa kuwa huunguza ngozi na macho ya anayeangukia.

Kwa upande wa mashabiki, mechi ya hisani ni ngumu kuliko ya ligi yenye idadi ileile. Wanaokuja hawaujui uwanja, wana watoto, wengi wamenunua tiketi moja moja, na hufika kwa pamoja dakika za mwisho. Mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza huweka ukomo wa watu 660 kwa saa kwa kila mlango wa kuzunguka. Kwa watu 40,000 wanaoingia ndani ya saa moja, hiyo ni milango 61. Kwa umati usio mzoefu sisi huhesabu 500, ambayo ni milango 80. Uwanja usio nayo ufungue saa mbili na nusu kabla, uweke burudani mapema ndani, na uuze tiketi zenye namba ya kiti na rangi ya lango. Tiketi za kukaa popote ndizo zinazosababisha jukwaa moja kufurika huku lingine likiwa tupu. Muda wa kutoka kwa dharura usizidi dakika 8, na hesabu hiyo ifanywe upya kila jukwaa la muziki au kamera zinapoziba njia, kwa sababu ruhusa ya kawaida ya uwanja haikuhesabu vitu hivyo.

Ikiwa tiketi zilizouzwa ni chache, funga majukwaa mazima na uwaweke watu pamoja. Hilo hupunguza wahudumu, umeme na usafi, na linatuleta kwenye ukweli mwingine usiopendwa: uwanja mkubwa una gharama zisizoshuka. Taa, ulinzi, zimamoto, magari ya wagonjwa na usafi hulipwa karibu sawa kwa watu 8,000 na kwa 20,000. Hisani nyingi hupotea hapo. Kwa hiyo muombaji aonyeshe kwanza kwamba uwanja mdogo umejaa, au alete idadi ya tiketi zinazotosha kulipa gharama, zikiwa zimehesabiwa na mtu wa uwanja mwenyewe. Asipozifikisha, kumkatalia ni kumsaidia.

Kuhusu afya, wachezaji wa mechi hizi aghalabu ni wa miaka 40 hadi 60, na bima ya kawaida ya uwanja inaweza kuwa imeandikwa kwa mchezo wa mwenyeji peke yake. Isomeni kabla, si baada. Zinahitajika bima ya ajali kwa wachezaji, bima ya madhara kwa watu wengine, na ya kuahirishwa. Kila mchezaji wa zaidi ya miaka 35 alete cheti cha daktari chenye kipimo cha umeme wa moyo. Mashine ya kushtua moyo iwe kando ya uwanja, na aliyefunzwa amfikie aliyeanguka ndani ya dakika 3. Vipindi viwe vya dakika 35 na wachezaji wa akiba waingie na kutoka bila kikomo. Mashabiki hawatalalamika.

Fedha ndizo zinazoharibu jina la kila mtu. Tunaomba uwanja usitoze kodi, ila urudishiwe gharama halisi kwa risiti: wahudumu, polisi, umeme, usafi, matengenezo ya nyasi. Dhamana ya nyasi iwekwe kabla na irudishwe ndani ya siku 21 kama vipimo vimerudi pale vilipokuwa. Mapato ya tiketi yaingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mfuko wa hisani, yasipitie akaunti ya uwanja wala ya muandaaji, maana yakishapita huko hukatwa madeni ambayo hayahusiani na mechi. Ada ya kampuni ya tiketi itangazwe kwenye tangazo lenyewe. Tiketi za bure zisizidi asilimia 2. Vibanda vya wageni maalumu vilivyouzwa kwa mikataba ya miaka mingi ni mtego unaosahaulika: kama mkataba unampa mwenye kibanda haki ya kila tukio, mfuko haupati chochote kutoka viti vya bei ya juu kabisa. Siku za hisani ziondolewe kwenye mikataba hiyo tangu inapouzwa. Vivyo hivyo kwa mwenye zabuni ya vyakula na vinywaji na kwa mdhamini mkuu; mechi kadhaa za hisani hukwama kwa sababu timu mgeni ina mdhamini wa kinywaji kingine. Ndani ya siku 60 hesabu ichapishwe: mapato ghafi, kila gharama kwa jina lake, na kilichomfikia mfaidika, ikiwa na sahihi ya mkaguzi.

Uamuzi ufuate ngazi fupi. Ombi liingie siku 60 kabla. Meneja wa uwanja, mtunza nyasi mkuu na afisa usalama wajibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Sababu za kukataa ziwe tano tu: vipimo vya eneo havitoshi, kuna mechi ya mashindano ndani ya siku 5 kabla au baada, nyasi ziko kwenye ukarabati au vipimo vimeshindwa, usalama hautoshelezi, hesabu za hisani hazijakamilika. "Ni mchezo wa wapinzani" isiwemo. Anayekataliwa akate rufaa kwa jopo la watu watatu wasio wa chama chochote kati ya viwili, nalo liamue kwa siku 7. Chama chenye katiba inayokataza kiirekebishe kabla ya kusaini ruzuku, kwa sababu ruzuku ni hiari na hakuna anayelazimishwa kuipokea.

Viwanja vilivyokwisha kulipwa navyo visisahaulike. Karibu vyote hurudi kuomba fedha za taa mpya, viti, paa au kubadilisha nyasi. Maombi hayo yanapofika mezani kwenu, kiambatisho cha siku mbili kiwe ukurasa wa kwanza wa majadiliano, na awamu ya mwisho ya malipo izuiwe mpaka mechi ya kwanza ya hisani ya mchezo mwingine iwe imechezwa na hesabu yake kuchapishwa. Rasimu ya kiambatisho hicho, pamoja na fomu za vipimo vya nyasi na hesabu ya milango, tuko tayari kuiandika pamoja na wataalamu wenu bila malipo.

Wenu katika kazi,
Watunza nyasi, wasimamizi wa usalama na waandaaji wa mechi za hisani